Machela Milimani: Kwanza Nunua cha Kuweka Chini ya Mgongo

Machela ya kulalia ni kitu rahisi: kitambaa chepesi cha nailoni, kamba mbili, miti miwili imara. Ndiyo maana vijana wanaopanda Usambara au kuzunguka misitu ya Aberdare wameanza kuipenda. Haihitaji uwanja tambarare, haijali mizizi wala matope, na ikikunjwa inashikika kwa kiganja kimoja. Kasoro yake haionekani dukani. Huanza kuonekana saa nane za usiku, pale mtu aliyejifunika blanketi mbili hadi kidevuni anapohisi mgongo na makalio yameshikwa na ganzi ya baridi ilhali kifuani ana joto la kutosha. Anaongeza koti juu ya blanketi. Wapi!

Blanketi halina joto lake lenyewe. Joto ni la mwili wako. Kazi ya blanketi ni kunasa hewa katikati ya nyuzi zake ili hewa hiyo itulie na joto lisitoroke. Sasa ukililalia, uzito wako unaikamua hewa yote ikatoka. Begi la kulalia lenye unene wa vidole vitatu linabaki kama kitambaa kitupu pale mabega na makalio yanapokandamiza. Nyumbani godoro linafidia upungufu huo bila wewe kujua. Kwenye machela hakuna godoro, na chini ya kile kitambaa cha nailoni upepo unapita usiku kucha ukichukua joto na kwenda nalo. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa upande wake wa raha: kitanda cha kamba hupendwa wakati wa joto la Kaskazi kwa sababu hewa inapita chini. Machela ni kitanda hichohicho, ila wewe umekipandisha mita 2,000 juu ya bahari mwezi wa Julai.

Hata asili yake inaeleza. Machela ni ubunifu wa wenyeji wa visiwa vya Karibi na Amerika ya kitropiki, nchi ambazo kulala juu juu penye hewa ni nafuu. Mabaharia wa Uingereza walipoichukua na kuitundika ndani ya meli zao walitia kigodoro ndani. Hawakuwa na vitabu vya fizikia mkononi, walikuwa na baridi.

Kwa hiyo swali la kwanza si blanketi gani la juu, bali nini kitakaa chini. Na kabla ya hilo, unakwenda wapi hasa. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Ikiwa Tanga mjini usiku wa Julai ni nyuzi 21, basi kwenye msitu wa Magamba juu ya Lushoto, penye mita 2,000, tegemea nyuzi 8 au 9, na pungufu yake kukiwa na anga safi isiyo na mawingu. Mufindi, Njombe na Limuru ziko katika kundi hilohilo. Kitulo, penye mita 2,600 hivi, hupata umande unaoganda wakati wa kipupwe. Lakini huko ni nyanda za majani na maua, na miti ya kufungia machela ni michache mno, kwa hiyo tusijisumbue nako. Kwa upande mwingine, usidhani pwani umesalimika. Ufukweni kwenye nyuzi 23 na upepo wa Kusi, mtu mwembamba anaweza kuamka alfajiri anajikunyata. Ngozi ya mwili ina nyuzi 33 hivi, hivyo hata usiku ambao kitandani ungeuita wa joto unatosha kukunyonya taratibu. Huko, kitenge kilichokunjwa mara mbili tatu chini ya mgongo kinamaliza kazi. Anayehitaji makala hii ni yule anayepanda juu ya mita 1,200.

Njia ziko mbili tu: kutandika kitu ndani ya machela ukilalie, au kutundika kitu nje, chini ya machela, kisiguswe na uzito wako. Nitaanza na ya kutandika kwa sababu ndiyo ninayomshauri karibu kila anayeanza.

Mkeka wa povu, ule mgumu kidogo ambao wapagazi wa Kilimanjaro huufunga nje ya mizigo, ndio rafiki wa mtu mwenye bajeti ya kawaida. Usiuchanganye na sponji ya godoro. Tofauti yake si ugumu tu. Sponji ina vitundu vinavyofunguka kimoja hadi kingine, hivyo hewa na maji vinapita. Mkeka wa povu una vitundu vilivyofungwa, kila kimoja kimebeba hewa yake na hakitoi. Ukiwa sokoni, Gikomba au Karume, na muuzaji anaapa kwamba chake ndicho chenyewe, weka ukingo wa mkeka mdomoni upulize kwa nguvu, kiganja ukikiweka upande wa pili. Ukihisi pumzi yako kiganjani, hiyo ni sponji, mrudishie. Kisha bonyeza kwa kidole gumba uhesabu hadi kumi. Povu zuri linarudi juu karibu lote. Lililochoka linabakiza shimo, na penye shimo hakuna hewa tena. Mikeka ya mitumba mara nyingi imechoka katikati, pale nyonga za mwenyewe wa kwanza zilipokaa, lakini kichwani na miguuni iko kama mpya. Ukipata wa bei ya kutupa, unaweza kuukata na kugeuza vipande.

Mkeka wa ukindu je? Naupenda, tumelelewa juu yake, lakini upepo unapita kati ya miyaa yake na kwenye machela hautakusaidia chochote. Mkeka wa yoga hausaidii kama unavyoonekana: ni mzito kubeba, na ile ya milimita 4 hadi 6 imeshindiliwa sana, hewa ndani ni haba. Kitu ambacho watu hawakifikirii ni ile mikeka ya watoto ya rangi rangi, vipande vya mraba vinavyoungana kwa meno, vingine vimeandikwa herufi na namba. Ile ni povu la vitundu vilivyofungwa. Vipande vyenye unene wa sentimita 1 au zaidi, vikishonwa pamoja kwa kamba za viatu kupitia matundu unayotoboa kwa msumari wa moto, vinajikunja kufuata umbo la machela vizuri kuliko mkeka wa kipande kimoja. Utatazamwa kambini ukilalia herufi. Watazame, wewe utalala.

Kwenye mikeka mipya ya kiwandani utaona herufi R na namba pembeni. Hicho ni kipimo cha jinsi mkeka unavyozuia joto kupita, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kinga inavyokuwa kubwa. Zamani kila kiwanda kilijipimia kwa njia yake na kujisifu kinavyotaka. Tangu 2018 kuna kiwango cha pamoja kinachoitwa ASTM F3340, ambapo mkeka hubanwa kati ya sahani moja ya moto na nyingine ya baridi, kisha hupimwa joto linalopita. Kampuni kubwa za vifaa vya kambi zinakifuata, hivyo namba za mikeka yao zinaweza kulinganishwa bila wasiwasi. Mkeka wa povu wa kawaida wa sentimita 1.5 hadi 2 una R ya 2 hivi. Kwa machela, kipimo changu ni hiki: R ya 2 inatosha hadi nyuzi 10 kama si mtu wa baridi; kuelekea nyuzi 5 tafuta 3 au 4; karibu na sifuri, 5 na kwenda juu. Uzuri ni kwamba R zinajumlishwa. Mikeka miwili ya 2 ikipandana inakuwa 4, bila ujanja wowote. Kwa hiyo mwenye mkeka mwembamba hahitaji kuutupa, anahitaji wa pili.

Tahadhari kuhusu godoro la upepo, hasa yale ya kuchezea baharini na bwawani. Watu huliona limevimba sentimita 10 wakadhani unene ni joto. Hewa iliyo ndani yake haikunaswa, inasogea kila unapojigeuza: inapashwa na mgongo wako, inasukumwa hadi upande wa baridi, inaacha joto huko na kurudi. Mkeka wa povu wa sentimita 2 utalishinda godoro hilo usiku wowote wa milimani. Yapo magodoro ya upepo yaliyotengenezwa kwa ajili ya kambi, yenye tabaka za kuakisi joto au nyuzi ndani, na hayo ni mazuri kwelikweli; mepesi, mengine yana R zaidi ya 4. Ila bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Ukiwa nalo, usilijaze hadi ligangamale. Lijaze nusu, ulale ndani ya machela, kisha uongeze au upunguze hadi likubali kujikunja pamoja na kitambaa. Likijazwa sana huwa linajigeuza na kukubirua katikati ya usiku, na hasira ya saa nane haina mfano.

Hapa tufike kwenye jambo linalowatesa wengi waliokwisha kununua mkeka mzuri: mabega. Mkeka wa kawaida una upana wa sentimita 50 hivi, kwa sababu ulitengenezwa kwa mtu anayelala chali ardhini. Machela haikuachi chali hivyo. Inakukumbatia, kitambaa kinapanda pande zote mbili, na bega linalogusa nailoni tupu linapoteza joto kama vile hujatandika kitu. Mwenye mabega mapana atafute mkeka wa sentimita 63 au 64. Au afanye hivi: akate kipande cha povu chenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 40, akilaze kukingama chini ya mkeka mkuu usawa wa mabega, kiwe na mbawa sentimita 25 kila upande. Kifungwe kwa kamba ya kiatu kwenye matundu manne ili kisihame. Kipande cha pili kama hicho kwenye nyonga ni anasa, lakini anasa yenye faida kwa anayelala ubavu.

Unavyolala nako kuna maana. Machela haikukusudiwa mtu alale kufuata mstari wa kamba, akajikunja mgongo. Ifunge ilegee, kamba zishuke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka mlalo, kisha ulale mshazari, kichwa kushoto kidogo na miguu kulia, au kinyume chake. Mwili unanyooka, na mkeka unalazwa mshazari vivyo hivyo. Machela fupi, chini ya mita 2.7, hazikubali jambo hili vizuri na mkeka ndani yake hukunjamana. Ukiwa bado hujanunua, tafuta ya mita 3 au zaidi. Na kama unaweza kuchagua, chukua yenye kitambaa cha tabaka mbili. Mkeka unaingia kati ya tabaka, hautelezi, na ngozi yako haigusi povu. Mwenye tabaka moja afanye jambo lingine: aingize mkeka ndani ya begi la kulalia, aulalie humo humo. Ukigeuka, unageuka nao. Inabana kidogo, lakini hutaamka ukiupapasa mkeka gizani ulipokimbilia.

Povu halipumui. Jasho la mgongo linabaki hapo, na kufikia alfajiri utahisi unyevu. Tandika juu yake kitambaa cha sufu au cha ile sufu bandia ya majaketi ya baridi. Kanga au leso ni sawa kwa usiku wa joto, lakini milimani pamba ikishika maji inakaa nayo na kukupoza. Ile karatasi ya fedha inayouzwa kama blanketi la dharura haina kazi chini ya mgongo: ikikandamizwa haina nafasi ya hewa ya kuakisia, inakusanya jasho, na kelele zake zitawaamsha hadi walio kwenye mahema.

Sasa ile ya kutundika nje. Huu ni mfarishi wa chini: kitu chenye umbo la duveti, kimejazwa manyoya laini ya bata au nyuzi bandia, kinaning'inizwa kwa kamba za mpira chini ya machela kiikumbatie kutoka nje. Kwa kuwa hukilalii, hakikandamizwi, na hewa yake yote iko kazini. Kwa starehe hakuna kinachoukaribia. Hakuna kuteleza, hakuna jasho, mabega yamefunikwa. Wanaolala kwenye machela mara kwa mara huko Marekani na Ulaya wengi wao huishia hapo.

Mfarishi huu unaharibiwa na kitu kimoja, nafasi. Ukining'inia chini mno, pengo linabaki kati yake na kitambaa, upepo unaingia kichwani na kutokea miguuni, na fedha zako zote zinapepea bure. Ukikazwa mno, manyoya yanasinyaa. Namna ya kupima: ingia ulale, mwambie mwenzako apitishe kiganja kati ya mfarishi na machela usawa wa kiuno chako. Kipite kwa kugusa pande zote mbili bila kusukuma. Halafu aangalie ncha mbili, kichwani na miguuni, kama zimefumbwa vizuri. Hapo ndipo upepo unapoibia. Fanya hivyo mchana, si wakati mmeshachoka na tochi ziko midomoni.

Kati ya manyoya na nyuzi bandia, kwa nchi zetu naegemea nyuzi bandia. Manyoya ni mepesi na yana joto zaidi kwa uzito uleule, hilo halina ubishi. Lakini misitu yetu ya milimani inaishi ndani ya ukungu, na mfarishi wa chini ndio unaopokea matone yanayoruka kutoka ardhini mvua inapopiga. Manyoya yakilowa yanashikana madonge na kupoteza kazi. Nyuzi bandia zikilowa unazikamua, na bado zinabakiza joto kiasi. Anayesafiri wakati wa ukame tu anaweza kuamua vingine. Wa masika na vuli asijaribu.

Mfarishi wa dukani ni ghali na kwetu haupatikani kirahisi. Wa kujitengenezea unawezekana. Nunua duveti la mtumba la mtu mmoja, jepesi, lililojazwa nyuzi bandia. Shika ncha ya upande mfupi, ikunje sentimita 5, mpe fundi cherehani apige mstari kupata mfereji, vivyo hivyo ncha ya pili. Pitisha kamba kwenye kila mfereji, vuta ujikusanye, funga kwenye kamba za machela pande zote. Mifereji miwili zaidi kwenye ubavu, yenye mpira wa nguo ndani, italivuta duveti likumbatie kingo za machela. Blanketi zito la sufu au shuka la Kimaasai halifai kwa hili, kwa sababu uzito wake unalivuta chini na kuacha pengo. Lakini shuka hilo likitundikwa nje kabisa kama pazia la upepo, iwe unatumia mfarishi au mkeka ulio ndani, linasaidia kuliko unavyotazamia. Ikiwa huna chochote cha kutundika, shusha turubai la mvua liwe karibu, na ukingo wake upande unakotoka upepo ufike chini ya usawa wa machela.

Basi uanze na kipi? Mimi nasema mkeka, na sababu yangu si bei peke yake. Kwenye milima yetu miti inaisha. Kilimanjaro na Mlima Kenya, ukivuka mita 3,000 na kidogo, unaingia kwenye vichaka na majani, halafu mawe, na hapo machela yako inakuwa mzigo tu. Usiku huo utalala ardhini, ambako mfarishi wa chini utalaliwa, utakandamizwa, na hautakupa kitu, ilhali mkeka utafanya kazi yake kama kawaida. Ndani ya hifadhi nyingi pia kuna sehemu maalumu za kulala na huruhusiwi kufunga kitu kwenye miti. Uliza getini kabla. Mkeka unakubali majibu yote mawili. Mfarishi ununuliwe baadaye na mtu ambaye ameshajua kwamba anaipenda machela, analala msituni mara nyingi kwa mwaka, na haendi juu ya mstari wa miti. Na mwenye mpango wa safari moja tu ya Lushoto asinunue chochote kipya: maduka ya vifaa vya mlima ya Moshi na Arusha hukodisha mikeka, nawe una haki ya kuukunjua mbele ya muuzaji na kuupiga ule mtihani wa kidole gumba.

Neno la pembeni kuhusu miti, kwa kuwa mgongo wenye joto haumfai mtu aliyeangukiwa. Mikaratusi huangusha matawi mazima bila upepo wala ishara. Usilale chini yake hata kama imejipanga kwa nafasi nzuri. Minazi, unajua mwenyewe. Tumia mikanda yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi badala ya kamba nyembamba, isikate gome.

Kabla ya safari, lala nje nyumbani usiku mmoja, uani au kibarazani, kwa vifaa vilevile utakavyobeba. Ukiamka na baridi, papasa ni wapi. Ikiwa ni mabega, ongeza mbawa. Ikiwa ni makalio na kiuno, povu lako ni jembamba au limechoka, ongeza la pili. Ikiwa ni nyayo tu, mkeka hauna hatia: vaa soksi kavu ulizozitunza kwa kulalia, na uweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa karibu na miguu. Ikiwa ni kila mahali, chini na juu, basi sasa ndiyo, unaweza kwenda kutafuta lile blanketi.

Ukirudi, mkeka ukaukie kivulini na usiuache ndani ya gari lililofungwa juani, maana povu hujikunyata kwa joto. Mfarishi usiuhifadhi ukiwa umeshindiliwa ndani ya kifuko chake. Uutundike kabatini ukiwa umelegea hadi safari nyingine.